Kibao cha Fundi wa Lukuledi

Mpwa wangu, siku hizi ukitoka Masasi kwenda Nachingwea gari linaipita Lukuledi kabla hujamaliza kumenya chungwa. Enzi zetu, miaka ya mwisho ya sitini na ya mwanzo ya sabini, hapakuwa na gari lililopita bila kusimama. Injini zilichemka, madereva walitaka chai, na abiria walitaka kusoma kibao cha Fundi. Fundi alikuwa mshona nguo, mtu mwembamba wa kutoka Newala, mwenye futi ya kupimia shingoni asubuhi mpaka jioni. Cherehani yake, Singer ya kukanyaga, ilikaa chini ya mwembe kando ya barabara ya vumbi jekundu. Ukifika pale asubuhi unapokewa na harufu ya mkaa wa pasi iliyochanganyika na mafuta ya vitumbua, na kuanzia Oktoba, korosho zinapoanza kudondoka, inaongezeka ile ya mabibo yaliyochacha, tamu yenye ukali, inayoganda puani mpaka mvua za kwanza.

Kibao chenyewe kilikuwa ubao wa sanduku la majani ya chai, uliopakwa masizi ya sufuria mpaka ukawa mweusi. Kila alfajiri, kabla hajatia uzi kwenye sindano, Fundi alikiandika kwa chaki yake ya kukatia nguo, ile bapa, kwa mwandiko wa shule ya misheni uliolalia kulia. Juu aliweka siku na tarehe. Chini yake alipanga mambo ya siku hiyo kama yalivyomjia: habari aliyoinasa redioni usiku, jambo la zamani, kichekesho, bei ya kitu fulani, na mwisho swali. Asubuhi moja ya Julai 1969 tulisoma kuwa Wamarekani wametua mwezini, na mstari uliofuata ukasema mbuzi mweusi mwenye kengele amepotea, atakayemwona amlete kwa Fundi. Chini ya mbuzi lilikuwapo swali: senti tano ina pembe ngapi? Watu wakaanza kupekua mifuko. Ni kumi na mbili, ukitaka kujua, na upande mmoja palikuwa na samaki mwenye pezi kama tanga. Senti ishirini ilikuwa na mbuni, senti hamsini sungura, na shilingi ilikuwa na mkono ulioshika Mwenge wa Uhuru. Fedha hizo zilikuwa bado ngeni, zilitoka mwaka 1966, na nina hakika wengi wa pale Lukuledi walizitazama vizuri kwa mara ya kwanza kwa sababu ya swali lile.

Aliyejibu sawasawa alipata kitumbua kimoja kwa hesabu ya Fundi. Kitumbua kilikuwa senti tano, chai ya rangi senti kumi, na kushona shati shilingi mbili na nusu, vifungo juu ya mwenye shati. Mtoto wa shule aliyechanika kaptula ya kaki alitiwa kiraka bure, ila sharti kwanza asome kibao chote kwa sauti, bila kukwama. Mimi nilijifunza kusoma mbele za watu pale pale, nimesimama nimejifunga kipande cha amerikani kiunoni, kaptula yangu iko chini ya sindano, na wazee wananisahihisha matamshi.

Habari Fundi alizipata kwa njia mbili. Ya kwanza ni redio ya Dar es Salaam. Usiku ngoma ya taarifa ya habari ikilia, baraza zima hunyamaza, na baada ya habari yanakuja mazungumzo yale makali yaliyowachambua mabepari na mabeberu mpaka jasho likatutoka sisi tuliokuwa hatuna hata baiskeli. Betri zikichoka zilianikwa juani juu ya bati, zikapata nguvu ya jioni moja zaidi. Njia ya pili ni gazeti la Uhuru, lililofika limekunjwa mfukoni mwa kondakta likiwa na umri wa siku kadhaa. Wakati wa masika, Rufiji ikifurika na pantoni ya Ndundu ikisimama, Kusini yote tulikatwa. Magazeti yakaja baadaye kwa mkupuo, furushi la wiki nzima na zaidi. Hapo ndipo utamjua Fundi. Aliyapanga kwa tarehe, akafungua moja kwa siku, wala hakukubali mtu achungulie la mbele. Alisema habari haiozi, inaoza akili ya mwenye pupa. Na jambo lililompa fahari kubwa ni kwamba mhariri wa gazeti lile, tangu 1966, alikuwa kijana wa hapa hapa kwetu, mzaliwa wa Lupaso, Benjamin Mkapa. Wasafiri waliotoka mbali waliambiwa hilo kabla hawajaambiwa bei ya chai.

Vichekesho havikutafutwa mbali. Kwetu Wamakua, Wayao, Wamakonde na Wamwera tumeoleana na tumezikana, na utani wa koo ulikuwa na haki zake mpaka msibani. Fundi mwenyewe, kwa kuwa alishuka kutoka uwanda wa juu wa Makonde usiokuwa na maji, alitaniwa kila kukicha. Walisema mgeni akiomba maji Newala, mwenyeji humwambia achukue kuku badala yake, kwa maana kuku atapata mwingine. Naye kesho yake aliandika kwenye kibao kwamba watu wa bondeni hawana shida ya maji, ndiyo maana wameyatia mpaka kwenye uji. Muuza vitumbua, ambaye pia ndiye aliyepika uji, hakumsemesha siku nzima. Lakini ndani ya mzaha ule, mpwa wangu, mlikuwa na akina mama walioshuka genge na kulipanda tena na mtungi kichwani, safari ya nusu siku, na sisi watoto wa bondeni tulijua habari zao kwa kucheka kwanza.

Nije sasa kwenye siku ninayoikumbuka kuliko zote. Kulikuwa na mzee mmoja, mgeni wa kila siku, aliyekaa kwenye shina la mwembe akisokota ugoro na kusema machache. Asubuhi ile ya Oktoba Fundi aliandika: 1917, vita ya Mahiwa, siku nne. Akaongeza kuwa Waingereza walipoteza watu zaidi ya 2,000, na kwamba siku chache baadaye walipigana hapa Lukuledi, misheni. Chini yake ikafuata bei ya khanga mpya. Mtu akasoma kwa sauti, akafika kwenye khanga, na baraza likaanza kubishana kuhusu khanga. Yule mzee akauliza, bila kuinua uso, huyo aliyeandika alikuwa amebeba nini.

Hatukuelewa. Akasema yeye alibeba sanduku. Aliokotwa njiani akiwa kijana wa jando la juzi, akatwishwa mzigo wa ratili sitini na askari wa Wajerumani, na hakuutua mpaka Mjerumani alipoelekea Ruvuma. Kisha Waingereza nao wakamkamata, wakamtwisha wa kwao. Alieleza jinsi bombomu lilivyosikika kutoka upande wa misheni, na jinsi wapagazi walivyolala kifudifudi kwenye mchanga wa mto Lukuledi, mizigo yao mbele ya vichwa iwe ngao. Walikula ming'oko mibichi iliyochimbwa kwa vidole. Mwenzake aliyelala kushoto kwake hakuamka, na amri ikaja kwamba mzigo wake ugawanywe kwa waliobaki. Wakati wote huo yeye aliamini amebeba risasi, akaogopa hata kuliangusha sanduku, asije akalipuka. Siku moja kamba ikakatika kwenye kivuko, kifuniko kikafunguka. Ndani mlikuwa na viatu, vya ngozi, vimepakwa mafuta vizuri, jozi baada ya jozi. Naye alikuwa peku tangu Lindi.

Watu walicheka. Naye alicheka, akacheka mpaka akakohoa, kisha akavua kofia akainamisha kichwa, akatuonyesha utosini mahali ambapo nywele hazikuota tena, pamebonyea, pana ukubwa wa kiganja cha mtoto. Muuza vitumbua akamwekea viwili kwenye jani la mgomba, hakuuliza hela. Asubuhi iliyofuata kibao kilikuwa na swali tu: Sanduku la Mzee lilikuwa na nini? Kila aliyekosa jana yake alilazimika kuuliza, na kila aliyeulizwa alisimulia upya, mpaka wiki ilipokwisha hapakuwa na nyumba Lukuledi isiyojua.

Nilifundisha historia shule za msingi miaka mingi. Kitabu kilitaka nimtaje Lettow-Vorbeck, jemadari wa Wajerumani, pamoja na mwaka na mshindi, nami nilivitaja, lakini watoto walikumbuka viatu. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki walikufa katika vita ile, Vita ya Kwanza ya Dunia, wengi kwa njaa na maradhi kuliko risasi, na majina yao ni machache mno yaliyoandikwa popote. Ndiyo sababu nashikilia kwamba Fundi alikuwa mwalimu bora kuliko sisi tuliokuwa na vyeti. Hakutenga historia kando ikae peke yake na adabu zake. Aliiweka kati ya mbuzi aliyepotea na bei ya khanga, na aliyekuja kutafuta khanga akakutana nayo. Mzee yule asingefungua kinywa mbele ya darasa. Alikifungua pale kwa sababu watu walikuwa wanabishana kuhusu kitambaa.

Mengine yalikuja hivyo hivyo, kwa ubavu. Kwamba misheni yetu, iliyoanzishwa na Wabenediktini mwaka 1895, ilichomwa moto wakati wa vita vya Maji Maji mwaka 1905, tulijua kwa sababu mtu aliokota kipande cha bati kilichoungua akakileta kiamuliwe ni cha mwaka gani. Kwamba mwaka 1906 alipita Newala Mzungu mwenye bomba la kunasa sauti za waimbaji, Fundi alisikia kwa bibi yake, aliyekuwa msichana wakati huo na aliyekimbia aliposikia bomba linaimba kwa sauti ya jirani. Baadaye sana nilikuja kusoma kuwa huyo ni Karl Weule, wa jumba la makumbusho la Leipzig, na kwamba alizinasa sauti hizo kwenye nta.

Yapo ambayo Fundi hakuyaandika. Usiku malori ya FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, yalipita kutoka kambi ya Nachingwea kwenda upande wa Ruvuma, taa zimefifishwa, na asubuhi alama za matairi zilionekana kwenye vumbi mbele ya kibao. Hapakuwa na aliyeuliza. Wakimbizi kutoka ng'ambo walikuwa Wamakonde na Wamakua wenzetu, walikunywa chai pamoja nasi, na baraza lilijua kipi cha kusema mbele ya abiria asiyejulikana. Lakini Februari 1969, kiongozi wao Eduardo Mondlane alipouawa Dar es Salaam kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu, kibao kilikuwa na mstari mmoja: jina lake na tarehe 3. Hapakuwa na bei, kichekesho wala swali. Madereva walisoma wakavua kofia. Cherehani haikukanyagwa mpaka adhuhuri.

Operesheni ya vijiji ilipokuja, watu waliletwa barabarani kwa wingi na baraza likajaa kupita kiasi, huku mikorosho yao ikibaki mbali, porini. Bei ya korosho ilikuwa haiwalipi nauli ya mguu, na ugonjwa wa ubwiriunga ukaja kumalizia. Nchi iliyovuna tani 145,000 msimu wa 1973/74 ilishuka mpaka chini ya 20,000 katikati ya miaka ya themanini. Fundi aliiona nusu tu ya anguko hilo. Macho yalimwishia uzi, akarudi Newala kwa wajomba zake, na cherehani ikanunuliwa na mtu wa Ndanda. Kibao sijui kilikwenda jikoni kwa nani.

Liko jambo ambalo ningempelekea aliandike. Novemba 1917, wakati yule mzee yuko chini ya sanduku lake, Wajerumani waliirusha kutoka Jamboli, Bulgaria, meli ya angani iitwayo L 59, ndefu mita 226, ije itue hapa kwetu kwenye uwanda wa Makonde. Haikukusudiwa kurudi. Kitambaa chake kilikuwa cha kukatwa na kushonwa mahema na nguo za askari, na hapo Fundi angeuliza kitambaa cha aina gani na kwa nambari gani ya sindano. Ilifika juu ya Sudan, ikaitwa kwa simu ya upepo irudi kwa kuwa uwanda ulikuwa unapotea, ikageuka, na iliporudi ilikuwa imekaa hewani saa 95. Ndani yake mlikuwa na shehena ya tani 15 hivi. Mzee yeye angetaka kujua hizo ni mizigo mingapi, na hesabu hiyo nimeshaipiga: kwa ratili sitini kila kichwa, ni wapagazi mia tano na hamsini.