Kasuku: kidonda kimepona, maumivu yamebaki

Kwa miezi minne, mama mmoja aliyekimbia vita na kupokelewa na shemeji yake hapa Kasuku, mjini Kindu, hakuweza kufunga kitenge kifuani. Malengelenge yalimtoka kuanzia mgongoni hadi chini ya titi, upande mmoja tu: ugonjwa unaoitwa zona, wengine husema mkanda wa jeshi. Yalikauka, lakini ngozi iliendelea kuwaka kama moto.

Shemeji alianza kusema anakwepa shamba. Wengine walisema amerogwa. Pesa ya chakula iliishia kwenye sindano za farmasi, bila nafuu.

Kwenye kituo cha afya, muuguzi alimweleza kwamba ngozi imepona, ila mishipa ya fahamu imeumia. Virusi vya zona ni vile vile vya tetekuwanga. Hulala mwilini miaka mingi, kisha huamka kinga ikipungua. Akaandikiwa amitriptilini, kidonge kimoja kila jioni.

Siku ya tatu, jirani akamwambia kwamba hiyo ni dawa ya wenda wazimu. Akaiacha.

Jirani hakusema uongo wote: dawa hiyo hutumiwa pia kwa ugonjwa wa huzuni. Lakini kwa kipimo kidogo, mara nyingi miligramu 10 au 25 usiku, hutuliza mishipa iliyoumia. Siku tatu hazitoshi, inahitaji wiki kadhaa. Huleta usingizi na kukausha kinywa. Mzee, mwenye ugonjwa wa moyo au anayekojoa kwa shida amwambie munganga kwanza. Isiposaidia, munganga anaweza kujaribu gabapentini. Vidonge viwekwe mbali na watoto, na pilipili ya jikoni isipakwe kwenye ngozi hiyo.

Anayetokwa na malengelenge leo asingoje. Asiklovir husaidia zaidi ikianzwa ndani ya saa 72. Yakiwa karibu na jicho, aende hospitali siku hiyo hiyo. Kijana akipata zona, ni vizuri apimwe virusi vya ukimwi.

Mama alirudi kwa muuguzi, akaanza dawa upya. Maumivu hayajaisha. Lakini katika wiki ya tano alilala usiku mzima, na shemeji yule yule ndiye sasa anayemkumbusha kidonge kila jioni.