Kihispania kitakulisha?

Jamani, kuna swali ambalo mtu aliyesomea udaktari au uhasibu hatakaa aulizwe maishani: "Sasa hiyo digrii yako ni ya kazi gani?" Mimi naulizwa kila nikipanda Gare kusalimia wazee.

Nilisoma Kihispania, Chuo Kikuu cha Havana, Kuba. Sio kile Kihispania cha mwaka mmoja ambacho wageni hujifunza ili waanze udaktari. Kihispania chenyewe ndiyo ilikuwa digrii. Leo naandikia gazeti la Kiswahili Dar es Salaam, na lile swali limepamba moto kwa sababu mdogo wangu wa kike amemaliza kidato cha sita na anasema anataka kusoma lugha. Ada itatoka kwenye kabichi na karoti za mzee. Kikao cha familia kimeamua kwamba mimi, niliyetangulia, ndiye nitoe neno.

Basi nianze na mshiko, maana ndio wazee wanaoutaka. Mshahara wangu ni sawa na wa jirani yangu wa meza aliyesoma sosholojia. Kihispania kimenipa vibarua vya kutafsiri, mara chache, na hela yake haijawahi kumaliza mwezi. Kama kipimo ni hicho tu, mzee abaki na kabichi zake.

Lakini naomba wadau mnisikilize kidogo.

Mtu wa Kiswahili akikutana na Kihispania hakutani na mgeni kabisa. Irabu ni zetu zile zile tano. Sukari kwao ni azúcar, kwa kuwa Waarabu walitawala sehemu kubwa ya Hispania kuanzia mwaka 711, na sisi neno hilo tumelipata kwa Waarabu hao hao. Meza ni mesa, bendera ni bandera. Hayo mawili sisi tuliachiwa na Wareno, ndugu wa lugha wa Wahispania, waliofika pwani yetu mwaka 1498. Lakini pia kuna mitego. Pera la Kihispania sio pera tunalolijua. Ni peasi, lile lile linalouzwa kwa ndoo barabarani kuanzia Soni mpaka Lushoto.

Halafu kuna jambo lililowatesa wenzangu waliozoea Kiingereza. Kihispania kina vitenzi viwili pale Kiingereza kinapotumia kimoja. Soy ni "mimi ni", estoy ni "niko". Mwalimu alipoeleza hilo mimi nilicheka. Ni nani Gare asiyejua kwamba "mimi ni mkulima" na "niko shambani" ni mambo mawili? Nilikuwa natumia tofauti hiyo tangu utotoni, na sikuwa nimewahi kuiona. Ilibidi nivuke bahari ndipo nikaione.

Kuna siku tulisoma kitabu cha Che Guevara kuhusu vita vya Kongo vya mwaka 1965. Mnakumbuka alipita Dar es Salaam na Kigoma, akavuka Ziwa Tanganyika, na aliposhindwa akarudi kujificha ubalozi wa Kuba Dar, ndiko alikoandikia. Wapiganaji wake walipewa majina ya namba za Kiswahili. Víctor Dreke alikuwa Moja, Che mwenyewe Tatu. Na katikati ya Kihispania kile limesimama neno "dawa", kwa Kiswahili, kwa maana ile ya kuzuia risasi. Darasa zima lilinigeukia. Kwa mara ya kwanza mimi ndiye niliyekuwa mwenye kamusi.

Swali lililofuata ndilo lililonikaa kooni. Mwanafunzi mmoja aliniuliza: "Na nyumbani kwenu mnaongea nini?" Nikasema Kishambaa. Akauliza sarufi yake imeandikwa na nani. Nilipoitafuta nikakuta Mjerumani, Karl Roehl, mmisionari, alichapisha sarufi ya Kishambaa mwaka 1911. Mjerumani mwingine, LangHeinrich, akachapisha kamusi yake mwaka 1921. Sidhani kama kuna aliyewauliza watu hao Kishambaa kitawalisha nini. Walikiona ni lugha, na lugha husomwa.

Sisi wenyewe je? Shuleni nilifundishwa Kiswahili na Kiingereza. Kishambaa nilikiacha mlangoni kila asubuhi pamoja na matope ya viatu. Bibi ana majina ya aina za maharage na ya aina za ukungu ambayo mimi siyajui kwa Kiswahili. Siku akiondoka, anaondoka nayo.

Ndiyo maana neno langu kwa familia ni hili: aende. Kihispania ni lugha rasmi katika nchi 20, mojawapo ni Guinea ya Ikweta iliyopata uhuru mwaka 1968, na Umoja wa Afrika unakitambua rasmi pamoja na Kiswahili chetu. Lakini nimempa masharti mawili. La kwanza, lugha isiende peke yake. Aichanganye na ualimu, au ukalimani wa kusomewa kweli, au kompyuta, maana mwajiri halipi lugha, analipa kazi inayofanywa kwa lugha. Na mzee aambiwe hivyo mapema, kabla kabichi hazijapakiwa kwenye lori.

La pili, kabla hajaondoka Gare anunue daftari kubwa, akae na bibi jikoni, aandike. Kuanzia maharage. Hiyo ndiyo mitihani yake ya kwanza ya lugha, na msahihishaji wake hana digrii hata moja.

Mzee bado hajajibu. Mdogo wangu daftari ameshanunua.

Nawasilisha.