Bimu isiyo na nondo

Huku Birmingham baridi imeanza kung'ata na saa kumi jioni giza limeshaingia. Najua nimekuwa kimya mno. Wengine mmeniuliza kama nimehama mji, wengine kama nimeoa kimyakimya. Jibu ni hapana kwa yote mawili, he he!

Leo najibu swali mnaloniuliza kila nikipiga simu: hivi wewe huko unafanya kazi gani hasa? Mwaka jana nilimwambia Shangazi kwamba nasimamia BIM. Akafurahi kweli, akawatangazia majirani kuwa mtoto wao anamwaga bimu za maghorofa Uingereza. Wajameni, mimi sijamwaga hata toroli moja la zege. BIM hii haina nondo. Ni herufi tatu za Kiingereza, na maana yake ni kulijenga jengo zima kwanza ndani ya kompyuta, kila kitu kikiwa na taarifa zake. Ukiugusa mlango kwenye skrini unakuambia upana wake, umetengenezwa kwa nini, utastahimili moto kwa dakika ngapi. Serikali ya hapa ilitangaza mwaka 2011 kwamba kufikia 2016 miradi ya serikali kuu iwe inafanywa hivyo, na tangu hapo watu wa kazi kama yangu tukapata ugali wetu.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo penye utamu. Watu wengi wanadhani jengo ni faili moja kubwa ambalo kila mtu anaingia na kuchora. Hapana. Shule tunayoishughulikia sasa ina mafaili kumi na moja. Msanifu majengo ana lake la kuta na milango. Mhandisi wa miundo ana lake la misingi, nguzo na bimu (hizi sasa ndizo za Shangazi). Watu wa mabomba wana lao, watu wa umeme wana lao, uwanja wa nje una lake. Msanifu yuko hapa hapa mjini, wa miundo wako Leeds, na kijana anayechora mabomba yuko Pune, India. Sijawahi kumwona uso kwa uso, ila hata kikohozi chake nakijua.

Kwa nini tusichanganye? Sababu moja ni ya kawaida: faili likiwa kubwa mno kompyuta inagoma. Sababu kubwa ni dhamana. Nguzo ikisogezwa sentimita ishirini ili dirisha lipendeze, halafu siku moja dari likashuka, nani atajibu? Kwa hiyo msanifu anaiona nguzo ya mhandisi ndani ya faili lake, imeunganishwa kama kivuli, lakini kuigusa hawezi. Anaweza kupiga simu na kuomba. Aliyeichora ndiye anayeisogeza, na wenzake wakilifungua faili jipya wanaona imesogea.

Mnakumbuka mapishi ya harusi pale nyumbani? Kila mama na sufuria lake. Unaweza kunusa, unaweza kuuliza umetia bizari kiasi gani, lakini kutumbukiza mwiko kwenye sufuria la mwenzio ni ugomvi. Na chakula hakiendi kwenye sinia mpaka mwenye sufuria aseme kimeiva. Nasi ni vivyo hivyo. Kuna viwango vya kimataifa vinaitwa ISO 19650, vilianza kutoka mwaka 2018 na mizizi yake iko kwenye viwango vya Waingereza wenyewe. Vinaligawa faili katika hatua nne. Kuna kazi iliyo bado jikoni, ambayo timu nyingine haiioni. Kuna iliyotolewa ili wenzako waipime na ya kwao. Kuna iliyoidhinishwa, hiyo ndiyo ya kujengea. Na kuna kumbukumbu, ambako vya zamani vinalala bila kufutwa. Mtu akichukua cha jikoni na kuanza kukipigia hesabu, ananikuta mimi. Kusema kweli nusu ya mshahara wangu ni kuuliza, "Umelitoa wapi hilo?"

Majina nayo yana sheria. Jina la faili lina vipande saba vilivyotenganishwa kwa vistari: mradi gani, kampuni gani imelitengeneza, sehemu gani ya jengo, ghorofa ipi, ni modeli au mchoro, fani gani, namba ngapi. Mtu mpya kazini huona ni urasimu wa Wazungu. Lakini faili linaloitwa "mpya ya mwisho kabisa 2" linaeleweka kwa mtu mmoja tu, tena kwa wiki moja.

Na kabla ya yote hayo tunakubaliana nukta moja ya kuanzia kupima, na kaskazini ni wapi. Mradi mmoja tulipoyakutanisha mafaili kwa mara ya kwanza, mabomba yote yalionekana yakielea hewani kama nusu kilomita kutoka kwenye jengo. Tulicheka mpaka machozi, halafu tukafanya kazi mpaka usiku. Wazee wetu wa pwani walilimaliza hili bila kompyuta. Nyumba za mawe za Lamu na Unguja vyumba vyake ni vyembamba na virefu kwa sababu upana ulifuata urefu wa boriti za mikoko, kama mita mbili na nusu hadi tatu hivi. Mjenga kuta na mkata boriti hawakuwa na haja ya kikao, kipimo kilikuwa kwenye mti wenyewe.

Kila Alhamisi tunayapandanisha mafaili yote kumi na moja, programu inatafuta yanapogongana. Mengi ni upuuzi, waya umegusa dari kwa milimita mbili. Ila wiki iliyopita bomba kubwa la hewa lilipita katikati ya bimu. Kwenye skrini hilo lilitugharimu alasiri moja na kijana wa Pune akachelewa kula. Kwenye saiti lingetaka watu wa kukata zege.

Msidhani ni mambo ya kompyuta tu. Hapa jirani, Smethwick, kuna hospitali ya Midland Metropolitan. Ilianza kujengwa 2016. Januari 2018 mkandarasi wake, Carillion, akafilisika. Ndio hao hao waliojenga Maktaba ya Birmingham iliyofunguliwa 2013, ile niliyowatumia picha, yenye mapambo ya duara duara nje. Hospitali ikasimama bila kuisha, baadaye Balfour Beatty wakaja kuimalizia, na wagonjwa wakaingia Oktoba 2024. Kila nikipita pale namuwaza mhandisi anayefika saiti kama ile wenyewe wakiwa wameshaondoka, anafungua mafaili ya watu ambao hawapo tena kuulizwa. Jina la faili na hatua yake ndivyo vitakavyomjibu.

Haya, sasa naomba tusogee Kange, maana huko ndiko nilikokuwa naelekea tangu mwanzo.

Nyumba ya Mzee ina ramani tatu. Ya kwanza ni ya 2022, Mzee bado anatembea kwa miguu yake. Ya pili tuliichoresha baada ya kiharusi: mlango wa choo sentimita tisini badala ya sabini, na kizingiti kimeondolewa ili kiti cha magurudumu kipite. Ya tatu ni ya Dada, ya kupanua sebule. Sebule imependeza kweli, Dada, sina ubishi. Ila mchoraji aliianzia kwenye ramani ya kwanza, maana ndiyo aliyokuwa nayo kwenye kompyuta yake. Kwa hiyo ramani iliyo mpya kuliko zote ina sebule kubwa, na mlango wa choo umerudi sabini.

Jumamosi mlipotuma picha kwenye kundi la WhatsApp, nyote mliangalia sebule. Mimi nilihesabu tofali. Nafasi ya mlango wa choo ni tofali moja na nusu. Tofali letu ni inchi kumi na nane, haya zidisheni. Toeni plasta pande zote mbili, toeni na fremu. Kiti cha Mzee hakipiti.

Fundi hana kosa. Amejengea ramani aliyopewa, tena aliyoambiwa kuwa ndiyo mpya, na kwenye kundi letu hayumo. Hili hata huku kwa wasomi nalikuta kila mwezi: mtu anatafuta faili lenye tarehe ya karibuni, analichukua, anaondoka nalo. Mimi siulizi kwanza limetoka lini. Nauliza limezaliwa na lipi, na nani amelikubali.

Mzee mwenyewe hatasema kitu, mnamjua. Atasema "mtanibeba tu". Na huko kubebwa ndiko kunakomuumiza kuliko ugonjwa wenyewe. Mama ameniambia siku hizi anakataa chai ya jioni ili asimwamshe mtu usiku.

Kwa hiyo naomba hivi. Dada, sebule ni yako, sitaigusa na sitasema neno juu ya marumaru zako. Chumba cha Mzee na choo niachieni mimi. Maji na umeme ni vya Kaka. Jiko ni la Mama, na akisema sinki likae upande wa dirisha, litakaa upande wa dirisha. Nitamwomba mchoraji aziweke ya pili na ya tatu pamoja, iitwe KANGE-04, iwe na tarehe na nafasi ya sahihi zetu. Ikishasainiwa itachapwa kwenye karatasi kubwa na Fundi akabidhiwe mkononi. Zile tatu mzipige mstari mwekundu lakini msizichane, wekeni kabatini kwa Mama. Na Fundi aingizwe kwenye kundi leo hii, hata kama atayaona mabishano yetu ya michango.

Tofali zimefika usawa wa madirisha, linta bado, kwa hiyo kupanua ni kazi ya nusu siku. Fundi anaweza kuendelea upande wa sebule, ila kwenye choo asipandishe hata tofali moja kabla sijapiga simu Jumapili, saa mbili usiku ya huko.

Kaka, kesho ukitoka kazini pitia Kange na tepu ya kupimia. Pima kiti cha Mzee kwanza, kutoka ukingo wa nje wa gurudumu moja hadi ukingo wa nje wa la pili, halafu pima nafasi ya mlango, tofali hadi tofali. Niandikie sentimita. Usiniandikie "panatosha".