Mchezo Ulionunuliwa ni wa Nani?

Mtu aliyezaliwa Machakos, akakulia chini ya milima ya Iveti, kisha riziki ikamchukua hadi Köln katika nchi ya Ujerumani, hupata fursa ya kulitazama jambo moja kwa desturi za miji miwili. Jambo ninalotaka kulitazama leo ni michezo ya kompyuta: jinsi watu wanavyoipata, wanavyoicheza na wanavyoazimana, na zaidi ya yote, nani huhesabiwa kuwa mwenyewe baada ya bei kulipwa. Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya watoto, yasiyostahili wino wa mtu mzima; lakini mimi naona kwamba sheria itakayotawala vitabu, nyimbo, filamu na hata mashine za shamba katika karne hii inafanyiwa majaribio kwanza katika michezo, na taifa lisiloshughulika na majaribio hayo litakuta hukumu imekwisha kutolewa bila lenyewe kuulizwa. Rai yangu ni kwamba desturi ya Machakos ya mchezo mmoja kutumika kwa mikono mingi ni desturi njema inayostahili hifadhi ya sheria, na kwamba biashara mpya ya Ulaya na Marekani, ya kupokea bei kamili ya kitu huku muuzaji akibaki na milki yake, ni dhuluma ambayo hatuna sababu ya kuipokea.

Nianze nyumbani. Ukipita Mumbuni, au Mlolongo, au Tala siku ya soko, hukosi kuona kibanda cha PlayStation: chumba kimoja cha mabati au cha mawe, runinga mbili au tatu ukutani, mabenchi, mashine ambazo aghalabu zimekwisha kutumika katika nyumba za ng'ambo kabla ya kufika kwetu, na padi ambazo vidole vya mtaa mzima vimezilainisha. Mchezo unaotawala ni wa kandanda, ule uliojulikana kwa jina la FIFA kwa miaka thelathini na ambao tangu 2023 huitwa EA Sports FC, na malipo huhesabiwa kwa mechi. Katika vibanda vingi aliyefungwa ndiye alipaye, kanuni ambayo haikuandikwa na mtu yeyote, wala haina hakimu, na ambayo vijana huitii kwa insafu kuliko wazee wanavyozitii kanuni nyingi zilizochapishwa. Asiye na shilingi hukaa benchini akatazama, akashauri, akasubiri zamu ya hisani kutoka kwa rafiki. Na kwa njia hii diski moja, iliyonunuliwa kwa fedha halali na mwenye kibanda, hufurahisha watu mia ambao hakuna hata mmoja wao angaliweza kuinunua peke yake.

Sikatai kwamba vibanda vina kasoro. Wazazi hulalamika kwamba watoto hutoroka darasani, na katika baadhi ya vyumba mchezo hugeuzwa kuwa kamari. Malalamiko hayo ni ya haki, na mwenye kibanda mwadilifu humrudisha shuleni mtoto aliyevaa sare. Lakini kasoro ya chumba kisichosimamiwa hutibiwa kwa usimamizi, na haiwi hoja ya kuihukumu desturi yenyewe ya kushirikiana.

Sasa niitazame Köln, mji ambao tangu 2009 umekuwa mwenyeji wa maonyesho makubwa ya michezo yaitwayo gamescom. Huku kila nyumba ina mashine yake, na aghalabu kila mtoto ana chumba chake, hata ndugu wawili wakacheza pamoja wakiwa wametenganishwa na ukuta. Desturi hiyo siitamani. Ninayoitamani ni nidhamu ya sheria iliyoizunguka. Mchezo uuzwao dukani una alama ya umri iliyotolewa na taasisi ya USK, yaani 0, 6, 12, 16 au 18, na muuzaji anatakiwa kuiheshimu; maktaba za miji huazima michezo kama ziazimavyo vitabu, tena bila kumdhulumu mtunzi, kwa sababu tangu miaka ya 1970 serikali huku hulipa fidia kwa watunzi ambao kazi zao huazimwa katika maktaba za umma; na diski iliyonunuliwa huweza kuuzwa tena katika duka la mitumba bila idhini ya mtu. Kwa hiyo Wajerumani wamekiri kwa sheria na kwa bajeti jambo ambalo kibanda cha Mumbuni kimelikiri kwa vitendo, nalo ni kwamba kazi moja huweza kufaidiwa na wengi, na mtunzi akapata stahiki yake.

Laiti mambo yangaliishia hapo, ningeandika makala ya kusifu tu. Lakini diski inatoweka. Toleo la PlayStation 5 lisilo na nafasi ya diski lilitoka Novemba 2020 pamoja na lile lenye nafasi hiyo, na PlayStation 5 Pro ya Novemba 2024 iliuzwa bila nafasi ya diski kabisa, mwenye kuihitaji akaambiwa ainunue mbali. Mchezo unakuja kwa njia ya intaneti, unaingia katika akaunti ya mtu mmoja, na mkataba ambao mnunuzi aliukubali bila kuusoma unasema kwamba hakununua kitu, amepewa ruhusa ya kukitumia, ruhusa ambayo mwenye duka huweza kuiondoa. Kampuni ya Ubisoft ilitoa mchezo wa mbio za magari uitwao The Crew mwaka 2014; tarehe 31 Machi 2024 ikazima mitambo yake, na mchezo ule ukafa hata kwa wale waliokuwa na diski mkononi, kwa kuwa haukuweza kwenda bila ya mitambo ile. Kutokana na tukio hilo Ross Scott, Mmarekani, alianzisha harakati iitwayo Stop Killing Games, na kufikia Julai 2025 ombi lake kwa Umoja wa Ulaya lilikuwa limepita saini milioni moja.

Mahakama nazo zimeyumba. Mwaka 2012 Mahakama ya Haki ya Ulaya, katika kesi ya UsedSoft na Oracle, iliamua kwamba aliyenunua programu kwa matumizi ya daima anaweza kuiuza tena hata kama aliipakua. Lakini chama cha kutetea wateja cha Ufaransa, UFC-Que Choisir, kilipoishtaki Valve, kampuni ya duka la Steam, ili wachezaji waruhusiwe kuuza michezo yao, kilishinda Paris mwaka 2019, kikashindwa katika rufaa mwaka 2022, na mahakama ya juu ikauthibitisha ushinde huo mwaka 2024. Jimbo la California limetunga sheria, iliyoanza kazi Januari 2025, ya kumlazimisha muuzaji wa vitu vya kidijitali aseme wazi kwamba anachouza ni leseni. Kusema kweli ni jambo jema, lakini mtu aliyeambiwa ukweli kwamba anadhulumiwa bado anadhulumiwa.

Kwetu madhara yake yatakuwa makubwa zaidi, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba kibanda husimama juu ya diski: ikitoweka, na mchezo ukafungwa katika akaunti ya mtu mmoja, ile mikono mia itabaki nje ya mlango. Ya pili ni kwamba katika daftari la nchi zinazotambuliwa na mtandao wa PlayStation, Kenya haimo. Kijana wa Matuu atakaye kufungua akaunti hulazimika kudai kwamba anaishi Uingereza, au Marekani, au Afrika Kusini, na kununua kadi za malipo za nchi hiyo, ilhali mkataba unakataza kutoa habari za uongo. Hivyo milki yake yote imejengwa juu ya kosa alilolazimishwa kulitenda. Mei 2024 Sony ilipotangaza kwamba wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta sharti wawe na akaunti hizo, mchezo ule uliondolewa sokoni katika nchi zaidi ya 170 zisizo katika daftari. Sony ililiondoa sharti lile baada ya siku chache kwa kelele za wachezaji. Kelele hizo zilitoka hasa katika nchi tajiri, nasi tukaokolewa kwa shufaa ya wengine. Taifa huru halipaswi kuishi kwa shufaa.

Hapa mwenye kupinga atauliza: je, kibanda si wizi? Swali hili lina haki ya kujibiwa. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 huhesabu programu za kompyuta miongoni mwa kazi za maandishi, humpa mtunzi ulinzi wa maisha yake na miaka 50 baada ya kufa kwake, na humkabidhi haki ya kukodisha kazi yake. Kwa herufi ya sheria, basi, mwenye kibanda yumo mashakani hata alipoinunua diski kwa bei kamili. Mimi natenga mambo mawili yasiyofanana: anayenakili diski elfu moja akaziuza anamla mtunzi jasho lake, anayenunua moja na kuwaketisha watu mbele yake anafanya alivyofanya mwenye redio katika duka la chai zamani. Na watunzi wetu wapo. Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi mwaka 2007, kisha akashirikiana na Eyram Tawia wa Ghana katika Leti Arts. Mtu wa namna hiyo ana haki ya kula kwa kazi yake, nami singeandika neno moja la kumnyima.

Lakini Machakos ina historia inayotufundisha kwamba elimu na ufundi hustawi kwa kuenea. Mutisya Munge wa Wamunyu alikwenda Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akajifunza uchongaji kwa Wazaramo, akarejea nao nyumbani. Ufundi ule ukaenda nyumba kwa nyumba, ukawalisha maelfu, ukazaa vyama vya ushirika Wamunyu na Changamwe, na vinyago vyake vikafika Ulaya na Marekani. Lau Mutisya angalifungiwa mlango na waliomfundisha, au yeye angaliufunga mlango nyuma yake, Ukambani ingalikosa moja ya nguzo za uchumi wake. Mtoto anayeishika padi Mumbuni leo naye yumo katika uanagenzi, kwa kuwa wengi huigusa kwa mara ya kwanza mashine yenye akili mle kibandani, wala si katika mji wa teknolojia wa Konza, ambao serikali imekuwa ikiujenga tangu 2013 mpakani mwa Machakos na Makueni.

Yanayotakiwa yanawezekana. Kwanza, Bunge litamke kwamba kitu cha kidijitali kilichouzwa kwa bei moja isiyo na mwisho ni mali ya mnunuzi, aweze kukiazima, kukirithisha na kukiuza, na kwamba muuzaji atakayezima mitambo yake aache njia ya mchezo kuendelea. Katiba ya 2010 humlinda mtunzi katika Ibara ya 40 na mtumiaji katika Ibara ya 46. Haki hizo mbili zimewekwa kitabu kimoja ili zikae pamoja. Pili, serikali ya kaunti na Bodi ya Hakimiliki ziweke leseni moja nyepesi ya vibanda, yenye masharti ya umri na saa za shule, na sehemu ya ada yake iwafikie watunzi, kama Wajerumani walivyofanya kwa maktaba zao. Tatu, kampuni inayopokea fedha za Wakenya ilitambue jina la Kenya. Asiambiwe mtu kwamba hatuna nguvu ya kudai hayo: tangu Januari 2021 serikali yetu imezitoza kodi kampuni za kidijitali zisizo na hata ofisi Nairobi. Dola iliyojua njia ya kuwafikia wafanyabiashara hao ilipotaka kodi inaijua njia hiyo hiyo inapotakiwa kudai haki ya mtoto wa Machakos, na wabunge wetu wanapaswa kuulizwa, katika kila baraza watakalotuitia, kwa nini hawajaipita.