Nilimwita mtoto wangu mwizi juu ya mafuta ya moteri

Juma hili ninaandika juu ya pikipiki, lakini msifikiri ni habari ya wanaume peke yao. Wengi wetu tumenunua pikipiki kwa pesa za likelemba, tukawapa watoto ao wadogo zetu waendeshe. Moteri ikikufa, ni sisi tunaobaki na deni.

Pikipiki yangu inatoka Uvira, pembeni ya ziwa, na kupanda milima kuelekea Bijombo. Kijana wangu anapanda na chumvi, sabuni na ndagala, anashuka na maharagi na viazi. Wakati wa kupanda inakwenda polepole, mzigo ni mzito na upepo wa kupoza ni kidogo, basi moteri inachemka sana. Ndiyo maana tulifungisha radiateri ndogo ya mafuta: mafuta yanatoka ndani ya moteri kwa mpira mmoja, yanapoa humo kwa upepo, yanarudi kwa mpira wa pili.

Fundi alimwaga mafuta mapya, akapima kwa kijiti, yakafika alama ya juu. Nilikuwa pale, na ni mimi niliyelipa. Jioni kijana aliporudi kutoka sokoni Kalimabenge, nilichomoa kijiti mimi mwenyewe. Mafuta hayakufika hata alama ya chini, na udongoni hakukuwa na tone. Nikamwambia mbele ya wadogo zake: "Umeyauza. Wewe ni mwizi." Hakujibu. Aliweka ufunguo juu ya meza, akaenda kulala kwa mjomba wake.

Asubuhi nilisukuma pikipiki mpaka kwa fundi mwingine, mzee, nikitafuta ushahidi. Aliuliza jambo moja tu: "Mama, walipima mbele ya kuwasha moteri ao nyuma?" Nikajibu: mbele. Akasema: "Radiateri na mipira yake ilikuwa mitupu. Moteri ilipowaka, pampu ilisukuma mafuta kwenda kuijaza. Hayakuibwa, yamehama tu."

Nilisimama pale kama mtu aliyemwagiwa maji. Mama yeyote anajua: ukigawa mchuzi wa sufuria moja katika bakuli la pili, sufuria inapungua. Mimi sikufikiri hivyo.

Mzee alinionyesha namna ya kupima. Simamisha pikipiki wima, mahali pa sawa. Ikilala upande kwa mguu wake, kipimo kinadanganya. Washa moteri dakika 3 mpaka 5 bila kuvuta mafuta mengi. Zima, ngojea dakika chache mafuta yashuke. Chomoa kijiti, kifute kwa kitambaa safi, kirudishe, kichomoe tena, usome. Kwa pikipiki nyingi kijiti kinatiwa tu bila kukazwa wakati wa kupima, lakini fuata kitabu cha pikipiki yako. Zenye dirisha dogo la kioo, utaangalia hapo. Ongeza kidogo kidogo, mafuta ya namna ileile, kisha washa na upime tena. Usipite alama ya juu: mafuta mengi kupita kiasi nayo yanaharibu.

Tena chunguza viungo vya mipira kama vimelowa. Mafuta yakiendelea kupungua siku zinazofuata, hapo radiateri haijazi tena: ama yanavuja, ama moteri inayachoma, na moshi wa rangi ya bluu utakuambia. Watoto wasiguse radiateri pikipiki inaporudi, inaunguza.

Kama kijana angepanda mlima asubuhi ile na mafuta yale machache, pistoni ingeweza kukwama njiani, yeye na mzigo wake. Kwa hiyo kupima jioni ile kulikuwa kuzuri. Kosa langu ni neno nililolisema baada ya kupima.

Nilikwenda kwa kaka yangu na wale wadogo zake wote. Nilimtukana mbele yao, basi niliomba musamaha mbele yao. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema: "Mama, ungeniuliza tu." Sasa tunapima pamoja kila asubuhi, yeye anashika pikipiki, mimi ninasoma kijiti.