Shilingi Moja kwa Dakika

Wanaosimulia habari za Kwani?, jarida la fasihi la Nairobi, huanzia Uingereza, Julai 2002, pale Binyavanga Wainaina, mzaliwa wa Nakuru aliyekuja kuwa mwanzilishi wake, alipotwaa Tuzo ya Caine, ya hadithi fupi za Kiafrika. Hawakosei. Ila sisi tuliokuwa tukifanya kazi kwenye saiba za Nairobi, yale maduka ya intaneti ya kulipia kwa dakika, tulikuwa tumeshaiona hali yenyewe kabla haijapata jina. Watu walikuwa wakiandika. Walikuwa wengi, na hawakuwa na mahali pa kupeleka walichoandika.

Mimi nilikuwa kijana wa Mombasa niliyekuja bara kutafuta riziki, na riziki ikanipa kiti nyuma ya kaunta ya saiba moja, ghorofa ya pili, upande wa Tom Mboya Street. Tulianza kwa kutoza shilingi 10 kwa dakika. Kufikia 2003 ushindani ulikuwa umetushusha hadi shilingi moja. Intaneti ya nchi nzima ilipitia setilaiti, maana nyaya za chini ya bahari hazikufika Mombasa hadi 2009, na ukurasa wenye picha mbili uliweza kula dakika kadhaa za mteja kabla haujafunguka. Kwa hiyo mwenye akili hakuja saiba kuandika. Aliandika nyumbani, kwa kalamu, kwenye daftari la shule, kisha akaja kuchapa mbio mbio au akatulipa tumchapie. Ukurasa ulikuwa shilingi 20. Kazi hiyo ilikuwa yangu, pamoja na ile ya kufungua vipanya kila asubuhi na kukwangua kwa ukucha uchafu mweusi uliojizungusha kwenye vigurudumu vya ndani. Kipanya cha gololi kikishika uchafu hakimtii mtu.

Hivyo ndivyo nilivyokuja kuwasoma. Wateja wengi walileta barua za kuomba kazi na ratiba za harusi, lakini hazikupita siku nyingi bila mmoja kuja na hadithi. Alikuwako dada mmoja karani wa benki, aliyefika jioni akiwa bado na beji ya kazini kifuani. Alikuwako mwalimu wa sekondari aliyeandika riwaya ya upelelezi nyuma ya karatasi za mtihani. Walinisimamia begani nikichapa, wakinisomea pale mwandiko uliponishinda, na ukiwaangalia usoni ungedhani nimeshika mtoto wao mchanga.

Kwa nini hawakuwapelekea wachapishaji? Walipeleka. Wachapishaji waliishi kwa vitabu vya shule, na hadithi ambayo haikutarajiwa kutahiniwa ilikuwa hasara tupu kwao. Majarida nayo yalikuwa yamekonda. Watu wa makamo walikuwa bado wakilikumbuka Joe, jarida la vichekesho na hadithi lililoanzishwa na Hilary Ng'weno na Terry Hirst mwaka 1973. Baadaye zikaja zama ambazo jarida likiichokonoa serikali lilipigwa marufuku, kama lilivyofanyiwa Beyond mwaka 1988. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa uhamishoni tangu 1982. Mtu alijifunza kuandika kwa tahadhari, au kuandika na kuficha. Kisha Desemba 2002 Rais Moi akaondoka baada ya miaka 24 madarakani, Kibaki akaapishwa Uhuru Park akiwa kwenye kiti cha magurudumu, na kwa miezi michache Nairobi ilikuwa mji ambao hata makanga walikuwa na adabu. Asiyekuwako hataamini.

Sasa, hadithi iliyompa Binyavanga tuzo haikutoka kitabuni. Ilitoka kwenye jarida la intaneti la Marekani liitwalo G21, na mwenyewe alisimulia kwamba waandaaji wa tuzo mwanzoni walisita kupokea kazi ambayo haikuwa kwenye karatasi. Habari hiyo ilipofika magazetini, watu walipanda ngazi zetu kuja kuomba waonyeshwe ukurasa huo. Yule mwalimu aliniambia niuchapishe wote kwenye printa. Nilimwambia itamgharimu. Akasema nichape tu, atakula sukuma wiki mwezi mzima. Nadhani hakuzitaka zile karatasi kwa ajili ya kusoma, kwa kuwa alikuwa amekwisha kuisoma hadithi yote pale pale kwenye kioo. Alitaka ushahidi: kwamba mtu wa hapa alikaa mbele ya mashine kama hizi zetu, akatuma maneno, na maneno yakamrudia na heshima.

Sikuwa mmoja wa kundi lililoanzisha Kwani?, na wala sitajifanya. Mazungumzo yao yalifanyika Loresho, kwenye bustani ya Ali Zaidi, mhariri wa gazeti la The EastAfrican, na mchongaji Irene Wanjiru. Miongoni mwa waliokuwa karibu na jarida lile katika siku zake za awali walikuwako watengenezaji wa filamu Judy Kibinge na Wanjiru Kinyanjui, na mwanahabari Parselelo Kantai. Shirika la Ford Foundation likatoa fedha. Palikuwa na minong'ono mingi juu ya fedha hizo za wageni, lakini sikumsikia hata mmoja wa wanong'onaji akitaja Mkenya mwenye mali aliyekuwa tayari kulipia karatasi. Toleo la kwanza likatoka 2003. Mwaka huo huo hadithi ya Yvonne Adhiambo Owuor iliyochapishwa na Kwani?, inayomhusu bwana mkubwa wa Rwanda aliyegeuka mkimbizi jijini Nairobi, ikatwaa Tuzo ya Caine. Mara mbili mfululizo, Kenya. Baada ya hapo ngazi zetu hazikupumzika.

Jambo ambalo halisimuliwi vya kutosha ni usomaji. Watu hudhani jarida ni wino, jalada na sherehe ya uzinduzi. Mimi nililiona jarida kwenye karatasi zilizorudi. Yule dada wa benki alikuwa amempa hadithi yake mmoja wa wasomaji wa duru ya Kwani?, nayo ikarudi imejaa wino pembeni kama kuta za choo cha stendi. Kulikuwa na swali moja nalikumbuka hadi leo kwa sababu mimi ndiye niliyelisoma kwa sauti, mwandiko ukiwa mbaya: huyu shangazi amekunywa chai kurasa tatu, anafanya kazi gani? Dada alikasirika. Alisema anayeuliza hivyo hajawahi kuwa na shangazi. Akaondoka bila kuchapa kitu. Wiki iliyofuata akarudi, na shangazi alikuwa ameshakuwa mshona sare za shule pale Gikomba, mwenye deni la cherehani, na chai yenyewe ilikuwa imepungua ikawa kikombe kimoja kinachopoa huku mwenye kudai akigonga mlango. Hadithi ilikuwa nyingine kabisa. Tuliichapa upya, ikarudi tena na wino, tukaichapa tena.

Miaka yangu yote ya kuchapa sikuwahi kuona kazi ya mtu ikisomwa hivyo na mtu asiyemlipa wala asiyemsahihishia mtihani. Wahariri waliokuja kuwa nguzo ya jarida, Billy Kahora akiwa mbele, walijulikana kwa uvumilivu wa namna hiyo. Kahora mwenyewe aliandika kisa cha David Munyakei, karani wa Benki Kuu aliyefichua sakata la Goldenberg, ule wizi wa mabilioni ya fedha za umma, akafukuzwa kazi, akakimbilia kwetu Mombasa, akasilimu, na akafa 2006 akiwa maskini. Kwani? ikakitoa kama kijitabu. Sisi wa pwani tulikuwa tumeishi na mtu huyo mjini kwetu bila kumjua ni nani. Magazeti yaliandika juu ya Goldenberg kwa mabilioni, na Kahora akaandika juu ya karani. Kwangu mimi, kama Kwani? isingefanya lingine lolote, hilo lilitosha.

Halafu kulikuwa na Sheng, lugha ya mitaani ya vijana wa Nairobi. Kijana mmoja wa mtaa wa Dandora, mwembamba, kofia imefunika macho, alikuja na daftari lililopinda kwa kukaa mfuko wa nyuma. Aliniita Mswahili, kama walivyoniita wote pale.

"Mswahili, nichapie hii. Lakini usinitengenezee, sawa?"

Alinijua. Mimi ni mtoto wa madrasa na wa mashairi ya vina na mizani. Babu yangu alikuwa akimkatiza mtu katikati ya salamu kwa sababu ya kosa la sarufi. Shairi la yule kijana lilichanganya Kiswahili, Kiingereza, Kikuyu na vitu ambavyo nina hakika alivibuni ndani ya matatu asubuhi ile. Mikono iliniwasha. Nikachapa neno kwa neno, na kompyuta ikapiga mstari mwekundu chini ya kila neno. Akaangalia kioo, akauliza kama hayo yote ni makosa. Nikafungua faili jingine, nikaandika sentensi moja ya Kiswahili sanifu, safi, ya kumpendeza babu. Mstari mwekundu ukatanda vilevile. Kijana akacheka hadi wateja wakageuka. Kwa mashine ile, mimi na yeye tulikuwa wakosaji sawasawa.

Yeye ndiye aliyenipeleka Club Soundd, katikati ya mji, ambako Kwani? iliandaa jioni za mashairi, Jumanne ya kwanza ya mwezi. Ukitoka kwenye tamaduni zetu za pwani, ambako malenga hukaa na hadhira hutulia, ile ilikuwa ghasia. Watu walishangilia katikati ya mstari. Msichana alipanda na karatasi inayotetemeka, akasahau, akaanza upya, na ukumbi ukamshangilia kwa kusahau. Kijana wangu alipopanda hakushika karatasi hata moja. Shairi nililolichapa likanipita masikioni kama sijawahi kulisoma. Kumbe lilikuwa na mizani, ila si kwenye maandishi. Ilikuwa puani na mabegani kwake.

Maprofesa wa fasihi hawakufurahi. Walilalamika magazetini kwamba hii si fasihi, kwamba vijana wamekosa nidhamu na wanaharibu lugha. Vijana nao wakajibu kwa kejeli, na kwa muda fulani kurasa za fasihi za Jumapili zikawa tamu kuliko za michezo. Mimi nilikuwa na kinyongo changu tofauti, na bado ninacho. Kwani? ilikuwa na mlango mpana kwa Kiingereza, ikawa na dirisha kwa Sheng, na Kiswahili tulichokisoma sisi kilikaa uani kikisubiri kuitwa. Nchi yenye washairi wa Lamu na Mvita, nchi ambayo redio zake zimekuwa na vipindi vya malenga, jarida lake kubwa la fasihi lilizungumza Kiingereza. Wapo waliosema waandishi wa Kiswahili hawakuleta kazi. Huenda. Lakini mtu huleta kazi mahali anapotazamiwa.

Kinyongo hicho kilinyamaza kwa muda Januari 2008. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 nchi iliwaka. Waliokufa walipita 1,100 na mamia ya maelfu wakakimbia makwao. Saiba yetu ilifungwa siku kadhaa kwa hofu ya waporaji. Waandishi waliokuwa wamekwama majumbani mwao wakaunda kundi lililojiita Concerned Kenyan Writers, wakaandikiana kwa barua pepe, wakatuma makala huku na kule duniani. Tulipofungua, yule dada wa benki alikuwa wa kwanza kupanda ngazi. Hakuwa na hadithi. Alikuwa na maneno ya watu aliowasikiliza kwenye uwanja wa kanisa walikokimbilia, ameyaandika kwa kila kipande cha karatasi alichopata, hata risiti. Sikumtoza. Mwaka huo Kwani? ikatoa toleo la tano, sehemu mbili, lote likiwa juu ya uchaguzi ule na watu wake. Baadhi ya kurasa zake sijazisoma tena, na sina haja.

Baadaye simu zikaua saiba. Nyaya zilipofika, intaneti ikahamia mifukoni, nami nikahamia kwenye biashara ya fotokopi. Jarida likaendelea hadi toleo la nane, 2015, kisha likapoa. Binyavanga alifariki Mei 2019, akiwa na miaka 48, na kwa wiki nzima watu wa rika langu walibishana juu yake kana kwamba bado anaweza kujibu.

Lakini watu walikuwa wameshafundishana. Mwaka 2013, kwenye warsha iliyofanyika Nairobi ambayo Kwani? ilishiriki kuiandaa, waandishi vijana kutoka nchi mbalimbali walikutana na kuunda Jalada, jarida ambalo halikutaka karatasi kabisa. Machi 2016, likisimamiwa na Moses Kilolo, likatoa toleo la tafsiri. Walichukua ngano fupi ya Ngũgĩ aliyoiandika kwa Kikuyu, ya jinsi binadamu alivyoacha kutembea kwa miguu minne, wakaitoa siku moja kwa lugha zaidi ya 30, wafasiri wakiwa wamesambaa bara zima na kutumiana kazi kwa barua pepe. Kikamba kilikuwako, na Kijaluo, na Kisomali. Kiswahili kilikuwako. Na Sheng nayo ilikuwako, tafsiri yake yenyewe, haikuchanganywa na Kiswahili wala kufichwa chini yake.

Nilisoma zote mbili kwa simu, nikianza na ya Kiswahili kwa jicho la babu, nikitafuta kosa. Nilipata moja au mawili. Ya Sheng sikuitafutia. Nilimpigia yule kijana wa Dandora, ambaye siku hizi ana matatu mbili na kitambi, nikamwambia aifungue. Aliniambia ameshaisoma tangu asubuhi, na kwamba aliyeitafsiri ni wazi si mtu wa Dandora, tena ana maneno ya zamani. Tukaanza kubishana.