Meza ya Elisabeth

Mla cha mwenziwe na chake huliwa. Methali hii huambiwa mwizi mdogo na mdeni msahaulifu. Ni nadra kuambiwa mtawala. Hata hivyo, katika Ujerumani ya karne ya 13 aliishi mwanamke wa jamii ya watawala ambaye swali la nani anakula cha nani lilimkaa moyoni, naye alijiuliza mbele ya sahani yake, chakula kikiwa kimekwisha pakuliwa.

Elisabeth alizaliwa mwaka 1207, binti wa Mfalme András II wa Hungaria. Mwaka 1211, akiwa mtoto wa miaka minne, alipelekwa Thuringia, katikati ya Ujerumani, ili alelewe huko kama mchumba katika nyumba ya Hermann I. Hermann alikuwa landigrafu, mtawala wa jimbo zima, na baraza lake lilisifika kwa ukarimu: washairi wakubwa kama Wolfram von Eschenbach na Walther von der Vogelweide walipata hisani yake. Mwaka 1221 Elisabeth, mwenye umri wa miaka 14, aliolewa na Ludwig IV, mwana na mrithi wa Hermann. Ndoa za namna hiyo zilikuwa mapatano ya koo. Hii, kwa kauli ya waliokuwamo nyumbani, ilikuwa pia ya mapenzi.

Wanazuoni wa zama hizo walipenda kuigawa jamii mafungu matatu: wanaosali, wanaopigana na wanaofanya kazi. Kila fungu, walisema, linayategemea mengine. Lakini mzigo haukuwa sawa. Mkulima alilima shamba la bwana kwa siku zilizowekwa, akatoa sehemu ya nafaka, akapeleka kuku katika sikukuu fulani, akalipa ili asage kwenye kinu cha bwana, kisha akalitolea kanisa fungu la kumi. Ikizuka vita, au bwana akitaka kusafiri, yaliongezwa mengine yasiyokuwamo katika ada. Yote hayo yalipanda mlima hadi ngomeni, yakaingia jikoni, yakatoka yakiwa nyama, mkate na mvinyo. Mezani hapakuwa na alama ya kutenga kilichotolewa kwa haki na kilichonyang'anywa.

Alama hiyo Elisabeth aliitafuta. Padri wake wa kitubio, Konrad wa Marburg, alimwamuru asile kitu cha mumewe ambacho dhamiri yake haikukiona safi. Konrad alikuwa mtu mkali, na baadaye Papa alimtuma kuwasaka wazushi wa imani. Pengine alidhani amri yake ni zoezi la kawaida la uchaji. Elisabeth aliitimiza kama ilivyo. Aliwauliza wasimamizi wa jiko: nyama hii imetoka wapi? Mvinyo huu ni wa mashamba halali ya mume wangu, au umetozwa kwa nguvu? Jibu lisipomridhisha, aliketi ubavuni mwa Ludwig, akamega mkate na kuusogeza huku na huku ili wageni wadhani anakula, kisha akaondoka na njaa yake. Wajakazi wake watatu walifunga pamoja naye.

Na Ludwig je? Alijua. Mkewe na wajakazi walipomweleza, alijibu kwamba yeye naye angependa kufanya vivyo hivyo, lakini anachelea maneno ya watu wa nyumba yake. Katika jibu hilo unaonekana utawala wote wa wakati ule. Huyu hakuwa dhalimu asiyejali. Alikuwa mtu mwema aliyefungwa na meza yake mwenyewe. Bwana akikataa kula, wapiganaji wake watakula nini? Na wasipokula kwake, watampigania nani?

Mwaka 1226 njaa iliingia nchini, na Ludwig alikuwa Italia kwa shughuli za Kaisari Friedrich II. Elisabeth akafungua maghala, akawagawia maskini nafaka kila siku, na chini ya ngome ya Wartburg akaweka nyumba ya kuwatunza wagonjwa. Wasimamizi walimshtaki Ludwig aliporejea. Yeye akamtetea mkewe. Karne zilizofuata zilizua hadithi tamu zaidi: kwamba Elisabeth aliteremka na mikate ndani ya shuka, akafumaniwa na mumewe, na shuka ilipofunuliwa yakaonekana mawaridi matupu. Hadithi hiyo imechorwa katika makanisa mengi. Lakini mkate ukishageuka ua, hakuna tena anayeuliza ngano ilitoka shamba la nani.

Mwezi Septemba 1227 Ludwig alikufa kwa homa huko Otranto, akiwa njiani kwenda Vita vya Msalaba. Madaraka yalishikwa na ndugu yake, Heinrich Raspe. Mjane wa miaka 20, mwenye watoto watatu, alitoka ngomeni, na usiku wa kwanza alilala katika kibanda kilichokuwa cha nguruwe. Siku ya Ijumaa Kuu ya mwaka 1228, katika kanisa dogo la Wafransisko mjini Eisenach, aliukana ulimwengu. Akahamia Marburg, akajenga hospitali kwa jina la Fransisko wa Assisi, akavaa nguo ya kijivu, akaosha wagonjwa kwa mikono yake. Alisokota pia sufu ya watawa wa Altenberg kwa ujira. Mjumbe aliyekuja kutoka Hungaria alishangaa kumwona binti mfalme na kazi hiyo mkononi. Hakujua kwamba hatimaye amepata chakula kisichohitaji kuulizwa.

Hata hapo hakuwa huru. Konrad alimpiga, akawafukuza Guda na Isentrud, wajakazi waliokuwa rafiki zake wa miaka mingi. Elisabeth alikufa Novemba 1231, akiwa na miaka 24.

Ndipo wakubwa walipomrudia. Mwaka 1234 hospitali yake ilikabidhiwa Shirika la Kijerumani, watawa wapiganaji ambao wakati huohuo walikuwa wakiiteka Prussia kwa upanga. Shemeji yake, Konrad wa Thuringia, aliingia katika shirika hilo na mwaka 1239 akawa mkuu wake. Mei 1235 Papa Gregory IX alimtangaza mtakatifu. Mei mosi 1236 mifupa yake ilihamishwa mbele ya umati, na Kaisari Friedrich II akaweka taji juu ya fuvu la mwanamke aliyekufa katika nguo ya kijivu. Juu ya kaburi lilijengwa kanisa kubwa lililowekwa wakfu mwaka 1283, na masalia yakatiwa katika sanduku lililonakshiwa dhahabu. Binti yake Sophie alipopigania urithi kati ya 1247 na 1264, na kumpatia mwanawe nchi ya Hesse, jina la mama lilikuwa sehemu ya hoja. Na mwaka 1539 Philipp, mtawala wa Hesse na mzao wake, aliyefuata mafundisho ya Luther, aliiondoa mifupa hiyo ili kukomesha hija. Mmoja alimvika taji, mwingine akamfukua. Wote walikuwa watawala.

Hata hivyo kabla ya kumtangaza mtakatifu, wajumbe wa Papa waliwahoji wanawake wanne waliomtumikia: Guda, Isentrud, Irmgard na mwingine aliyeitwa Elisabeth kama bibi yake. Ushahidi wao uliandikwa, nao umebaki. Hamna mawaridi ndani yake. Mna bibi anayewaambia wajakazi kwamba leo chakula ni safi ila mvinyo sio, basi watakula tu. Na siku nyingine kwamba mvinyo ni safi ila chakula sio, basi watakunywa tu. Na zilikuwapo siku, chache, ambazo wasimamizi walithibitisha kuwa vyote viwili ni halali. Siku hizo, wanasema, alipiga makofi kwa furaha, na wote wakala na kunywa.